Umechelewa Kuzaliwa

Dorika alikuwa hajaiweka chini sahani ya ugali aliyopewa na Wema, mama wa banda la chakula, alipokiona kile kizibo cha soda kikirudi nyumbani.

Kizibo chenyewe hakikurudi kienyeji. Kijana aliyevaa buti za mpira alikishika kwa vidole viwili, akakizungusha nyumba iliyochorwa kwenye bodi, akakipitisha nyuma, upande usio na mlango, akakiingiza ndani. Mwenzake akachovya kidole katika kikombe chake cha uji, akakipaka kizibo tone moja. Kisha wote wanne wakapaza sauti pamoja, kama watu waliokwisha kuzoea: "Umechelewa kuzaliwa!" Wakacheka hadi meza ikatikisika.

Dorika hakucheka. Kwanza alikasirika, maana mchezo ule ni wake, ameutunga mwenyewe, ameuhangaikia kuliko watu wengine wanavyohangaikia ndoa zao, na sheria aliiandika kwa herufi kubwa: ruga-ruga harudi nyumbani. Lakini hasira haikukaa. Baridi ilimpanda mgongoni mchana ule ule wa jua kali la Bugarama, karasha za kusagia mawe ya dhahabu zikinguruma nje, kwa sababu maneno hayo hakuwahi kuyasikia popote isipokuwa jikoni kwao Ushirombo. Bibi yake Monika ndiye aliyekuwa akiyasema, na waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wajukuu wake wawili. Mmoja alikuwa yeye Dorika. Wa pili alikuwa mdogo wake Evance, na Evance ana kaburi, lina msalaba wa saruji na jina lake limeandikwa pale.

Ili uelewe kwa nini kizibo cha soda kimtoe mtu jasho la baridi, lazima uujue mchezo wenyewe.

Dorika anafundisha historia sekondari mjini Shinyanga, na alikuwa amechoka kuwaona wanafunzi wakisinzia. Akatunga mchezo wa mezani, akauita Ngome ya Ntabo. Ntabo alikuwa mtemi wa zamani katika hadithi za bibi yake, wa upande wa Usumbwa, ambaye jeshi lake lilikuwa la wakulima. Wakishavuna wanashika mikuki na pinde, wanapigana. Mvua ya kwanza ikidondoka kila mtu anatupa ngao anarudi shambani, hata kama adui amekaa kizingitini. Ntabo alivumilia mpaka akachoka. Akawatoa vijana majumbani, akawajengea ngome, akawapa bunduki zilizonunuliwa kwa pembe za ndovu, akawaita ruga-ruga, na tangu hapo akapigana masika na kiangazi bila kumwomba mtu ruhusa. Katika mchezo, wakulima ni punje za mahindi, ruga-ruga ni vizibo vya soda, na hatua ya kubadilisha punje kuwa kizibo inaitwa mageuzi.

Hapo ndipo shughuli ilipoanzia. Vijana wa parokia walipoujaribu mara ya kwanza, wote walifanya mageuzi zamu ya kwanza, wakachinjana, mchezo ukaisha kabla chai haijapoa. Muhidini, rafiki yake anayechapa fulana na mabango pale mjini, ambaye ndiye angeyachapa maboksi ya mchezo, alitikisa kichwa.

"Mwalimu, huu si mchezo. Huu ni uporaji wa mchana."

Basi Dorika akaongeza gharama, na gharama hiyo hakuibuni. Bibi Monika alisema kwamba nyumba iliyochukuliwa kijana na Ntabo iliweka matanga, kijana akiwa mzima anatembea. Mama yake alinyoa kichwa. Tangu siku hiyo kijana alihesabiwa maiti, na nyumba iliyokwisha kulia haikumpa tena mtemi nafaka wala mtoto mwingine. Kwa hiyo kila aliyefanya mageuzi ilimbidi aweke kifungo cheusi cha shati juu ya nyumba aliyoitoa, na nyumba hiyo ikafa kimchezo.

Sasa hakuna aliyethubutu kufanya mageuzi. Watemi wanne walikaa wakipalilia mahindi, wakasalimiana mipakani, Muhidini akalala kwenye kiti.

"Waruhusu warudi," alisema alipoamka. "Mtu akiona maji yamemfika shingoni, awarudishe vijana kwao. Utakuwa umeuokoa mchezo."

"Hawarudi."

"Dorika, historia yako ni ya kweli, sibishi. Ila haichezeki."

"Na wewe unataka kinachochezeka kisicho cha kweli."

Waligombana hivyo kwa wiki kadhaa, na Muhidini, ambaye si mjinga, alijua wanagombania kitu kingine. Ukweli ni kwamba hadithi ya Bibi Monika ilikuwa na nusu ya pili, na nusu hiyo ilikuwa na njia ya kurudi. Dorika aliificha. Aliificha kwa sababu duara moja, shimo la wachimbaji, upande wa Bulyanhulu lilititia na watu ndani, na Evance akiwamo, na miili haikutolewa, na nyumbani kwao wakazika shati lake la kwaya pamoja na kipande cha shina la mgomba. Bibi Monika hakuumaliza mwaka baada ya matanga yale. Dorika alibaki na uchungu ambao hakuwa na pa kuupeleka. Kama Evance harudi, vizibo vya soda vitarudije?

Mwishowe Muhidini alichukua boksi moja, akalipeleka Bugarama kwa shemeji yake Wema, mwenye banda la chakula. Wachimbaji, alisema, hawana adabu ya kusifia kitu kibovu. Na leo Dorika alikuwa amekuja kusikia wamesemaje, ili Muhidini achape.

"Nani amewafundisha kufanya hivi?" aliuliza sasa. Sauti yake mwenyewe aliisikia inatoka mbali.

Mwenye buti za mpira alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemhurumia fundi aliyesahau kuweka mlango.

"Kalisti. Dada, usichukie, lakini bila Kalisti huu mchezo wako ulikuwa kilimo tu. Sasa unanoga. Tunafanya mageuzi, tunapigana, mambo yakiwa mabaya tunamrudisha mtu kwao. Ila akirudi ni kazi. Lazima abomolewe ukuta wa nyuma, lazima anyweshwe uji kama kichanga. Mlangoni hapiti, maana walishamlilia."

"Kalisti gani?"

"Yuko karashani anasaga mawe yake," Wema alidakia kutoka kwenye masufuria. "Saa ya kula hakosi. Kaa, Mwalimu, ugali unapoa. Mbona umebadilika rangi?"

Dorika alikaa. Alijisemea kwamba wako watu wengi wenye bibi, na bibi wengi wana hadithi. Alijisemea kwamba huenda Evance aliwahi kumsimulia huyo Kalisti wakiwa kazini, kabla duara halijatitia. Hilo lilimtuliza na likamuumiza papo hapo. Angalau atamwona mtu aliyemjua mdogo wake. Angalau atamwuliza siku zake za mwisho zilikuwaje.

Aliyeingia alikuwa mweupe kwa vumbi la mawe tangu utosini hadi viatuni, kama aliyegaragazwa kwenye unga. Aliinama kukwepa ukingo wa bati, akanyoosha mkono kuchukua maji ya kunawa, akainua uso.

Maji yakamwagika.

"Shikamoo, dada," alisema Evance.

Dorika alisimama, akapita katikati ya meza, bodi ikapinduka, punje zikatawanyika chini. Akamfikia, akamshika sikio la kushoto, lile lenye pengo alilolipata utotoni kwa kamba ya mbuzi. Pengo lilikuwepo. Likiwa na joto. Ndipo akampiga kibao, kimoja, cha nguvu zake zote, vumbi likaruka kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamkumbatia akawa mweupe naye, na wale watemi wanne wakainuka mmoja mmoja wakatoka nje bila kuambiwa.

Walikwenda kukaa nyuma ya banda, juu ya ndoo zilizopinduliwa. Dorika hakumwachia mkono, kama mtu aliyekamata kuku wa jirani.

"Tulikuzika, Evance."

"Najua. Nilifika."

"Ulifika wapi?"

"Mpaka pale barabarani. Nikauona msalaba. Mama alitoka kumwaga maji, kichwa kimenyolewa." Alifuta uso, vumbi likawa tope. "Ningeingia vipi? Bibi alitwambia wenyewe, aliyeliliwa akipita mlangoni anaingia na kifo nyuma yake. Nikageuka. Baadaye nikasikia Bibi naye ameondoka. Nikasema basi, aliyejua kunipokea hayupo."

"Wewe ni mtu wa kuamini hayo?"

"Nyumbani kwetu, dada, sikuwahi kuamini. Kaburi langu ndilo lililoniaminisha."

"Na simu? Simu nayo ina mlango wa nyuma?"

Evance alijibu akitazama chini.

Siku ile alikuwa anacheza drafti. Anacheza na mtu kutoka Geita aliyejigamba kwamba hajawahi kushindwa, na Evance alikuwa amebakiza hatua chache ammalize. Zamu yake ya kushuka duarani ikafika. Pale, mtu asipoitikia jina lake, nafasi yake katika kundi inapewa mwingine na mawe ya mgao anayakosa, kwa hiyo vijana wana mtindo wao: rafiki anashuka badala yako na anaitikia kwa jina lako. Msimamizi anataka sauti, uso hautazami. Evance alimvua rafiki yake Denis kofia, akamvika ya kwake yenye taa, akampa na koti lake. Msimamizi akaita Evance. Denis akaitikia, akashuka.

"Nilikuwa nashinda, dada," alisema. "Nikasikia ardhi inaguna. Kete ilikuwa mkononi."

Dorika alisikia kila neno, lakini siwezi kusema kwamba yalimwingia. Mtu aliyefufuliwa ndugu hana nafasi ya jambo la pili. Alichokuwa anakiona ni sikio lile, pua ile, na miguu ile mirefu iliyokuwa ikimkanyaga kitandani walipokuwa wadogo.

"Na mchezo?" aliuliza baadaye, kwa kukosa la kusema.

"Shemeji yake Wema aliuleta. Nilipoona vifungo vyeusi juu ya nyumba, nikajua ni mkono wako. Nikajua pia nusu nyingine umeiacha."

"Niliiacha kwa ajili yako."

"Na mimi niliirudisha kwa ajili yangu. Nilikuwa nakaa pale nakirudisha kizibo, nakirudisha tena. Wenzangu wakadhani nimeupenda sana mchezo."

Dorika alilia hapo, bila kujificha. Kisha akafuta pua kwa upande wa kanga na kusema kwa sauti ya mwalimu, "Marahaba. Nilikuwa sijakuitikia."

Alimpigia baba yake simu kesho yake asubuhi wakiwa tayari njiani. Mzee Otmar ni katekista mstaafu, mtu wa taratibu.

"Baba, umekaa?"

"Nimesimama. Kwa nini nikae?"

"Kaa, Baba."

"Mtu akinambia nikae najua kuna msiba. Sema tu."

"Hakuna msiba. Evance yuko hai. Yuko hapa ubavuni kwangu."

Simu ilianguka. Dorika alisikia jogoo, akasikia kiti kikiburuzwa, akasikia baba yake akianza Baba Yetu na kuikatia njiani. Kisha ikaja sauti ya mama yake, Mama Anisia, ikipiga kelele kiasi kwamba dereva wa bodaboda aliyesimama karibu aligeuka: "Asipite mlangoni! Dorika, unanisikia? Mwambie mwanangu asipite mlangoni!"

Kumbe alijua. Kakaa na mama mkwe jiko moja ujana wake wote, angeachaje kujua? Bibi Monika alimsimulia hata kabla wajukuu hawajazaliwa. Walipofika Ushirombo mchana, Mama Anisia alikuwa nyuma ya jiko la matofali ya udongo, jembe mkononi, kanga kaifunga kiunoni, na ukuta una tundu la kupita mbuzi mnene. Mzee Otmar alikuwa anazoa kifusi kwa karai.

"Kanisa halina habari za matundu ukutani," alisema bila kumtazama yeyote, huku machozi yakimdondokea ndani ya karai. "Nasema tu ieleweke."

"Imeeleweka, Baba Dorika. Zoa."

Alipomwona Evance amesimama kwenye mgomba, Mama Anisia hakumkimbilia. Alimnyooshea kidole kwanza, akamwonyesha tundu, akazunguka yeye akaingia jikoni kwa mlango. Evance akalala kifudifudi. Kichwa kikapita. Mabega yakakwama, maana kazi ya mawe imemjaza, na kwa kitambo mtu mzima mwenye ndevu alikuwa nusu nje nusu ndani, miguu inapiga hewa, Dorika akimsukuma nyayo na mama yake akimvuta mikono. Dorika aliangua kicheko kilichochanganyika na kilio, hakuweza kukizuia. Kisha udongo ukaachia, Evance akadondoka ndani kwa kishindo.

Mama Anisia alikaa chini, akampakata kichwa, akachovya kidole katika bakuli la uji akamtia mdomoni.

"Umechelewa kuzaliwa," alisema. "Umechelewa sana kuzaliwa, mwanangu."

"Apewe jina jipya," Mzee Otmar alisemea tunduni, amepiga magoti nje. "Kama tunafanya, tufanye yote."

"Ninaitwa Kalisti huko, Baba."

Mzee alifikiri. "Alikuwepo papa Kalisti, mtakatifu. Linafaa."

Jirani wa kwanza alikwisha piga kigelegele, wa pili akaitikia, uwanja ukaanza kujaa. Watu waligusana na kuulizana, wengine walimgusa Evance begani wakarudisha mkono haraka. Mtoto mmoja alilia kwa hofu. Katikati ya shangwe hiyo Mama Anisia aliinua macho, na kupitia tundu la ukuta akauona msalaba wa saruji. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Akainua mkono, vigelegele vikakatika.

"Evance," alisema, na lile jina jipya kalisahau. "Kama wewe uko hapa, mimi nilimlilia nani?"

Dorika alikumbuka. Jana nyuma ya banda la Wema aliambiwa jina, na hakuuliza neno hata moja. Mwalimu wa historia, mtu wa kuuliza maswali, na hakuuliza.

"Denis, Mama," alisema Evance. "Wa Kolandoto. Alishuka kwa jina langu."

"Ana mama?"

"Anaye."

"Anajua?"

"Denis hakuwa wa kundi letu. Alipoonekana hayupo, watu walisema amekimbilia rashi, huko kunakosikika dhahabu mpya. Vijana wanaondoka hivyo kila wiki. Mama yake ndivyo anavyojua. Anamsubiri."

"Muda wote huu anamsubiri." Mama Anisia aliliweka bakuli chini taratibu. "Na mimi nimelia matanga yake, nimepikiwa, nimefarijiwa, nimeshikwa mkono na padri. Nimekula msiba wa mwenzangu."

Dorika alitoka nje akashika ukuta. Kwa wiki kadhaa alikuwa amekataa hata kuitafuta gharama ya kurudi, ile itakayofanya mchezaji afikiri kabla ya kumrudisha kijana wake kwao, isiwe ndogo ikauharibu mchezo wala kubwa ikauua. Sasa alikuwa ameiona na alitamani asingeiona. Kifungo cheusi hakikuondolewa kwenye nyumba yao leo. Kilihamishwa, na mwenye nyumba kinakokwenda hajui kitu, labda saa hii anachuja uji.

Hakukuwa na mjadala. Asubuhi iliyofuata walipanda basi, Mama Anisia, Evance na Dorika. Mzee Otmar alibaki kuung'oa ule msalaba, kisha akasema atalifuta jina tu na kuuacha usimame mpaka ndugu zake Denis waje kumlilia mtoto wao. Njiani Muhidini alipiga simu. Wema alikwisha msimulia yote, kwa hiyo alianza na pole, akachanganya na hongera, akakosa pa kushika, akakimbilia kazi.

"Nichape vipi sasa? Wanarudi au hawarudi?"

"Wanarudi," alisema Dorika. "Lakini ukimrudisha mmoja, kifungo chake unakipeleka kwenye nyumba ya mwenzako. Na unakipeleka kwa mkono wako mwenyewe, unamwangalia usoni."

Muhidini alipiga mluzi.

"Kali hiyo," alisema. "Nani atakubali kuucheza?"

"Sijui, Muhidini. Mimi mwenyewe sijui."

Kolandoto waliuliza mara moja tu, Evance akapatambua kwa maelezo ya Denis: kupita hospitali, nyumba yenye mwarobaini na baiskeli isiyo na tairi iliyoegemezwa ukutani. Mama mmoja mnene, mchangamfu, alikuwa anapepeta choroko uani. Aliwaona wageni akaweka ungo chini.

"Mwang'aluka!" aliwasalimu kwa Kisukuma, kisha akawageuzia Kiswahili alipoona wanasitasita. "Karibuni, karibuni jamani. Mmetoka mbali?"

"Ushirombo," alisema Mama Anisia. Sauti ilikuwa ndogo.

"Shikamoo, Mama," alisema Evance.

Mama Denis alimtazama. Akamtazama tena. Uso wote ukafunguka, akapiga makofi.

"Sikio! Wewe ndiye Evance mwenye sikio! Denis alinisimulia kwenye simu, akasema rafiki yangu wa drafti, sikio lake limeliwa na mbuzi!" Alicheka, akamshika mikono yote miwili, akaangalia nyuma ya bega lake hadi barabarani, akingoja mwingine atokee. "Yuko wapi huyo mtoro mwenzako? Amewatanguliza ninyi kwanza, anaogopa nitamchapa? Mwambieni atoke, simchapi. Subirini niwaletee pa kukaa."

Dorika alijikuta mkono wake uko mfukoni, na vidole vyake vimekishika kifungo kimoja cheusi ambacho hakukumbuka kukiweka humo.

Mama Denis alirudi mbio na kigoda, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakiweka mbele ya mgeni mkubwa. Mama Anisia alikipita. Alivua viatu, akajifunika kanga kichwani, akakaa chini kwenye udongo mtupu katikati ya ua, miguu kainyoosha mbele, kama wanavyokaa wanawake kwenye matanga.

Kicheko cha Mama Denis kilipungua, lakini hakikuisha usoni. Alikitazama kigoda, akamtazama yule mwanamke asiyemjua aliyekaa chini kwake.

"Inuka, dada yangu," alisema. "Utachafuka."

Mama Anisia hakuinuka.